Shule na Nyumba: Walimu Wawili wa Mtoto Mmoja

Siku ya Jumapili, tarehe 15 Machi 2020, Serikali ya Kenya ilitoa amri kwamba shule zote nchini zifungwe kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Kabla juma lile halijaisha madarasa yote, toka Lamu hata Busia, yalikuwa kimya, na mamilioni ya watoto walikuwa wamerudi kukaa na wazazi wao mchana kutwa. Wanafunzi wa madarasa matatu tu, yaani Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne, waliitwa tena tarehe 12 Oktoba mwaka ule. Wengine wote walingoja hata tarehe 4 Januari 2021. Kwa muda wa zaidi ya miezi tisa, wakulima, makarani, wachuuzi na mafundi, ambao wengi wao hawajapata kushika chaki maishani mwao, walijikuta wamekuwa walimu.

Msiba ule ulileta hasara nyingi, walakini ulifundisha jambo moja lipasalo kukumbukwa. Watu wengi wana mawazo ya namna mbili juu ya elimu, na yote mawili yana kasoro. Wa kwanza husema, "Kufundisha ni kazi ya mwalimu. Mimi nimenunua sare na madaftari. Yaliyobaki si juu yangu." Wa pili husema, "Shule zimeharibika. Mtoto wangu atapata elimu bora akikaa nyumbani nami." Miezi ile ilionyesha ya kuwa nyumba isiyosaidiwa na shule huchoka upesi, na shule isiyosaidiwa na nyumba hufanya kazi nusu. Basi yafaa kuangalia kila moja ilitoka wapi, ina nguvu gani, na ina upungufu gani.

NYUMBA ILIKUWA SHULE YA KWANZA

Zamani, kabla shule za kuandika na kusoma hazijaenea katika nchi hii, hapakuwa na mtoto aliyekua bila kufundishwa. Kwa Wajaluo wasichana walilala katika nyumba ya bibi mzee, iitwayo siwindhe, na huko walijifunza hadithi, vitendawili, adabu na mambo ya kuendesha nyumba. Wavulana nao walikaa na baba zao katika duol, wakisikia mashauri ya wazee na habari za ukoo wao. Kwa Wagikuyu mtoto alijifunza majina ya mimea, tabia za mifugo na mipaka ya shamba la baba yake kwa kufuatana na wakubwa kazini. Jomo Kenyatta alipoandika kitabu chake juu ya desturi za Wagikuyu, kilichopigwa chapa London mwaka 1938, aliweka sura nzima juu ya mafundisho hayo, ili wageni wafahamu ya kuwa watu hawa walikuwa na elimu yao.

Katika pwani mambo yalikuwa hayo hayo, ila huko kalamu ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani siku nyingi. Watoto walipelekwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na nyumbani walifundishwa na wazee wao. Mfano ujulikanao sana ni wa Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa mtawala wa Siyu. Katika mwaka 1858, alipokuwa mgonjwa na kuona ya kuwa huenda hatapona, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha juu ya dini, adabu na maisha ya nyumbani. Mama yule hakuwa na ubao wala darasa. Alikuwa na mtoto mmoja na neno la kumwachia. Utenzi ule umewafikia watu wa vizazi vingi ambao yeye hakupata kuwaona.

Walakini mafundisho ya nyumbani ya zamani yalikuwa na mpaka. Yalimtayarisha mtoto kwa maisha ambayo baba na babu walikwisha kuyaishi. Baba alimfundisha mwanawe aliyoyajua mwenyewe, wala hakuweza kumfundisha asiyoyajua. Siku zilipobadilika, yakaja mambo ya kodi, barua, mikataba, hati za ardhi, dawa za chupa na mashine, mzee mwenye hekima nyingi alijikuta akipewa karatasi asiyoweza kuisoma, na kutiwa kidole katika wino ili akubali maneno asiyoyajua. Hapo watu wengi walitambua ya kuwa hekima ya nyumbani, ingawa ni njema, yahitaji mwenzake.

SHULE ZILIVYOENEA KENYA

Mwanzo wa shule za namna mpya ulikuwa kazi ya misioni. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo Rabai. Idara ya Elimu ya Serikali haikuwekwa mpaka mwaka 1911. Kwa miaka mingi baadaye shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na sehemu ya Mwafrika ilikuwa ndogo kuliko zote.

Mwaka 1924 walifika Kenya wajumbe wa Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, waliotumwa kuchungua habari za elimu katika Afrika. Mmoja wao alikuwa Mwafrika, Bwana James Aggrey, aliyezaliwa Gold Coast, nchi ambayo leo huitwa Ghana. Mwaka uliofuata, 1925, ilifunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete. Jina hilo lilitokana na Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia, aliyetoa mali yake ili kusaidia shule za watu weusi katika mashamba ya kusini ya Marekani.

Shule ile ya Kabete yastahili kutajwa hapa kwa sababu ya mpango wake. Walimu walioingia humo walikuja pamoja na wake zao. Mume alijifunza kusaidia na kuongoza shule ndogo za vijijini. Mke alijifunza malezi ya watoto wachanga, upishi, usafi na kazi za mikono. Na wote wawili walikaa katika nyumba yenye bustani, ili waliporudi kwao majirani wajifunze kwa kuona. Waliopanga mambo hayo walifahamu ya kuwa somo la usafi lisilofika jikoni, na somo la kilimo lisilofika shambani, ni maneno ya ubaoni tu yafutwayo jioni. Mahali pale pa Kabete pakawa baadaye, mwaka 1961, chuo cha kufundisha watumishi wa Serikali, na leo ni makao ya Chuo cha Serikali cha Kenya.

Wananchi wenyewe hawakungoja kupewa tu. Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 baina ya misioni na Wagikuyu juu ya desturi ya kutahiri wasichana, watu walijenga shule zao wenyewe kwa fedha zao, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu huko Githunguri. Wanawake walibeba mawe na maji, wazee walitoa mbuzi, na watu wasiojua hata herufi moja walichanga ili watoto wao wapate kujua. Shule zile zilifungwa na Serikali katika siku za Hali ya Hatari iliyoanza mwaka 1952. Lakini ile kiu ya elimu haikufungika, na baada ya Uhuru ilionekana tena katika shule za Harambee, zilizojengwa na wananchi kila upande wa nchi.

Mwaka 1963, Kenya ilipopata Uhuru, watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa 891,553. Tume ya Profesa Simeon Ominde, iliyotoa taarifa yake ya kwanza mwaka 1964, ilishauri elimu iwe chombo cha kuwaunganisha watu wa taifa moja, wala si cha kuwatenga kwa rangi. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza, lakini michango ya majengo iliyofuata iliwarudisha nyumbani watoto wengi wa maskini. Ndipo Januari 2003 karo ya shule za msingi za Serikali ikaondolewa kabisa, na hesabu ya wanafunzi ikapanda katika mwaka mmoja kutoka karibu milioni 6 hata kupita milioni 7.

Miongoni mwa walioingia darasani kwa sababu ya amri ile alikuwa mzee Kimani Maruge wa Eldoret. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alivaa kaptula na soksi ndefu kama wanafunzi wengine, akaketi katika Darasa la Kwanza la Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo. Alitaka kuisoma Biblia yeye mwenyewe, na kuhesabu fedha zake bila kudanganywa. Mwaka 2005 alikwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu isiyo na karo. Alifariki mwaka 2009. Watu walicheka walipoona picha yake kwanza. Lakini mwenye kufikiri aliona ya kuwa watoto milioni moja na zaidi walikuwa wameupata mapema mlango ambao mzee yule aliungoja miaka themanini.

FAIDA YA SHULE YA UMMA SI YA MTOTO MMOJA

Mzazi ampelekapo mtoto shuleni huwaza habari ya mtoto wake tu: atapata kazi, atanijengea nyumba, atasomesha wadogo zake. Mawazo hayo si mabaya, lakini ni machache. Shule ya umma ni kama mfereji wa maji uliochimbwa na kijiji kizima. Anywaye ni mmoja mmoja, lakini ukikauka wote huona kiu.

Mkulima na atazame shamba lake mwenyewe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ina maandishi juu ya chupa, yasemayo itiwe kiasi gani cha maji. Atiaye kidogo haui kupe, na atiaye nyingi huweza kudhuru mnyama. Mbegu za mahindi huja na maelezo ya mahali zinapofaa kupandwa. Chama cha ushirika cha kahawa au cha maziwa kina hesabu, na wanachama wasiojua kusoma hesabu hawawezi kumwuliza karani maswali. Mara nyingi ushirika hufa kwa sababu watu 10 walijua kusoma vitabu vyake na 500 hawakujua. Vivyo hivyo katika uchaguzi, katika mahakama na katika hospitali. Mtu ambaye jirani zake hawakusoma, hata akiwa msomi yeye mwenyewe, huishi kati ya hatari: maradhi yasiyokingwa kwa jirani hupita ua, na uongo unaoaminiwa na jirani huharibu kura ya wote.

Tena shule ya umma huketisha pamoja watoto ambao wazazi wao hawajapata kuketi pamoja. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua hutumia kitabu kimoja. Mwislamu na Mkristo hucheza mpira mmoja. Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1985 ni somo la lazima na la mtihani katika shule za Kenya, kimewapa watoto wa makabila yote lugha ya kusemezana bila mkalimani. Taifa lenye makabila zaidi ya 40 haliwezi kujengwa na watu waliofundishwa kila mmoja katika ua wake mwenyewe.

Na iko faida nyingine, ambayo huonekana hasa inapokosekana. Shule humtazama mtoto ambaye kwao hakuna wa kumtazama. Katika miezi ile ya mwaka 2020 masomo yalitangazwa katika redio na televisheni, na mtoto mwenye redio nyumbani, au mwenye mzazi wa kumwambia "Kaa chini usikilize," alipata kitu. Lakini nyumba nyingi hazikuwa na umeme wala simu ya kufaa, na watoto wake walikwenda kuchunga, kuvunja mawe, au kuuza karanga sokoni. Wasichana wengine walipata mimba na hawakurudi tena. Mwalimu aliyezoea kuita majina kila asubuhi hakuwako kuuliza, "Fulani yuko wapi?" Swali hilo dogo ni ulinzi mkubwa kwa mtoto wa maskini, na hakuna aliyejua thamani yake mpaka liliponyamaza.

ALICHOPEWA WANGARI MAATHAI NA MAMA YAKE

Basi nyumba ina kazi gani? Jibu zuri lapatikana katika maisha ya Profesa Wangari Maathai, ambayo aliyaandika mwenyewe katika kitabu.

Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Siku zile wasichana waliosomeshwa walikuwa wachache. Ndugu yake ndiye aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama yule, mkulima asiyekuwa na cheo wala mali nyingi, akakata shauri aende. Alianza akiwa na umri wa miaka minane. Toka hapo alisonga mbele mpaka akaenda kusoma Marekani mwaka 1960, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, naye ndiye mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka 1977 alianzisha chama cha Green Belt cha kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka 2011.

Lakini kabla ya hayo yote, mama yake alikuwa amempa kijishamba kidogo kiwe chake mwenyewe, akamfundisha kupanda na kupalilia. Tena alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo uliokuwa karibu na kwao, maana mti ule ni wa Mungu. Karibu nao palikuwa na kijito ambapo mtoto yule alikwenda kuteka maji na kucheza na mayai ya vyura. Alipokuwa mtu mzima amekwisha kusoma elimu ya viumbe, alirudi akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Hapo elimu mbili zikakutana. Shule ilimwonyesha jinsi mizizi mirefu ya mti ule inavyoshuka chini na kusaidia maji kupanda na kuchuruzika. Nyumba ilikuwa imemfundisha zamani kuuheshimu mti wenyewe. Laiti angalipata elimu ya shule peke yake, pengine asingejali; na laiti angalipata ya nyumbani peke yake, asingeweza kuwaeleza wakubwa wa dunia sababu yake.

Mama yule hakumfundisha mtoto wake hesabu za kitabuni wala Kiingereza. Alimfundisha mambo ambayo mwalimu mwenye watoto 50 hawezi kuyafundisha: kupenda kazi, kuangalia kwa macho yake mwenyewe, kujua lililo haramu na lililo halali, na kukaa na jambo mpaka liishe. Hayo ndiyo mafundisho ya nyumbani, na mtoto aliyekosa hayo ni mzigo mzito kwa mwalimu yeyote. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wala ulimwengu hauna huruma katika kufundisha.

JE, YAFAA KUFUNDISHA NYUMBANI TU?

Wako wazazi wachache, hasa wa mijini, ambao huwaondoa watoto shuleni kabisa na kuwafundisha wenyewe. Yafaa kusikiliza sababu zao, maana baadhi yake ni za haki. Husema madarasa yamejaa mno, hata mwalimu hawajui wanafunzi wake. Husema mtoto mgonjwa au mwenye kilema hasaidiwi ipasavyo. Husema mitihani imetawala kila kitu, na mtoto hujifunza kukariri badala ya kufikiri. Mzazi mwenye elimu, mwenye nafasi na mwenye uvumilivu, aweza kweli kumfundisha mtoto wake mmoja vizuri kuliko mwalimu afundishaye hamsini.

Lakini yako mambo ya kujibu. Kwanza, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya kupata elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Mzazi avunjaye sheria hiyo aweza kuadhibiwa. Sheria haikuwekwa ili kumwudhi mzazi mwema. Iliwekwa kwa ajili ya mtoto ambaye babaye angependa achunge ng'ombe au aolewe mapema, kisha aseme, "Namfundisha nyumbani."

Pili, si kila nyumba iwezayo. Mama aamkaye saa kumi za usiku kwenda kuchuma majani chai, na baba arudiye gizani kutoka kiwandani, watafundisha saa ngapi? Elimu iwezekanayo kwa mwenye nafasi peke yake haiwezi kuwa elimu ya taifa.

Tatu, mzazi msomi anapoiacha shule ya kijiji, shule hupoteza zaidi ya mtoto mmoja. Hupoteza mtu ambaye angesimama katika mkutano wa wazazi na kuuliza fedha za madawati zilikwenda wapi. Halmashauri ya shule ya umma, kwa sheria ile ya 2013, huwa na watu sita waliochaguliwa kuwa wajumbe wa wazazi au wa watu wa mahali pale. Ikiwa wenye kujua kusoma hesabu wamejitenga, nani atachaguliwa? Shule hudhoofika, kisha waliojitenga huonyesha udhaifu ule kuwa ndiyo sababu ya kujitenga.

Basi lawama zao zisitupwe; zipelekwe mahali pake. Dawa ya darasa lililojaa ni walimu zaidi na vyumba zaidi, na hivyo havipatikani kwa kunyamaza.

MZAZI AWEZA KUFANYA NINI JIONI?

Mtaala ulioanza kutumiwa katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019 unamtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mtoto. Wazazi wengi walinung'unika, na mara nyingine kwa haki, kwa kuwa walitumwa vitu vya kununua wasivyoweza kuvinunua. Lakini kushiriki kwa kweli hakuhitaji fedha, wala hakuhitaji mzazi awe amesoma sana.

Mkulima asiyejua kuandika aweza kumpa mtoto daftari moja liwe la shamba. Kila asubuhi mtoto aandike lita za maziwa zilizopelekwa; mwisho wa mwezi ajumlishe, kisha alinganishe hesabu yake na karatasi ya chama cha ushirika. Mtoto atajifunza kujumlisha, na baba atajua kama anapunjwa. Wakati wa mavuno aulizwe: gunia moja ni kilo 90, yamepatikana magunia 14, nyumba yahitaji magunia matano hata mavuno yajayo, yaweza kuuzwa mangapi, na kwa bei gani yatalipa karo ya dada yako wa sekondari? Hakuna kitabu chenye hesabu iliyo tamu kuliko hiyo, maana jibu lake huliwa.

Karani ajuaye kusoma, naye, asidhani kazi yake yaishia ofisini. Dakika 20 za kusoma pamoja na mtoto kila jioni ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Msomee gazeti, kisha akusomee wewe. Usimkatize kila anapokosea neno; mwache amalize, kisha mrudie lile gumu.

Bibi na babu wasisahauliwe. Mpango wa elimu wa Kenya ni kwamba watoto wa madarasa ya chini kabisa wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapokaa. Basi mtoto aliyejaa hadithi na vitendawili vya lugha ya kwao huingia darasani akiwa na maneno mengi tayari, na hujifunza kusoma upesi kuliko yule aliyekua akitazama televisheni tu bila kusemezwa na mtu.

Na jambo la mwisho ni dogo kuliko yote: mtoto apewe mahali, mwanga na saa yake. Meza si lazima; gunia safi chini ya taa latosha. Lakini msichana ambaye huteka maji, hupika, huosha vyombo na kubeba mdogo wake mpaka saa nne usiku, huku kaka yake ameketi na kitabu, hakupewa nafasi sawa na kaka yake, hata kama sare zao ni moja. Hapo hakuna mwalimu wala waziri awezaye kusaidia. Ni mama na baba peke yao.

Kila mwaka shule huita mkutano wa wazazi, na kila mwaka wengi hawaendi, kwa kuwa siku hiyo ni ya soko au ya palizi. Mwenye mtoto na aende. Aulize mwanawe anaendeleaje, na aulize pia juu ya paa, vyoo, vitabu na mwalimu aliyepungua. Aseme na mwalimu kama mwenzake katika kazi moja, si kama mdai na mdaiwa. Huyu anaye mtoto kwa saa nane, yule anaye kwa saa kumi na sita. Na mtoto mwenyewe hawezi kugawanywa.